Mwizi wa mahindi ana miguu mingapi?

Jumatatu moja ya mwezi wa Julai niliamka mapema kuliko jogoo wa jirani, nikajifunga leso, nikatoka nyuma ya nyumba kuyajulia hali mahindi yangu. Usicheke, msomaji. Mtu anayeishi katika nyumba ya kupanga, asiyekuwa na ardhi hata ya kuchimbia shimo la taka, akipata kipande cha udongo na kupanda mbegu sitini, mbegu hizo huwa kama wanawe. Huzihesabu asubuhi na huzihesabu jioni.

Basi asubuhi hiyo nilihesabu mara tatu. Mahindi saba hayakuwapo.

Nyumba yetu iko upande wa Ruaka, mwendo mfupi kutoka msitu wa Karura. Mwenye nyumba alitupa ruhusa ya kulima kipande cha mita nne u nusu kwa mita tatu, katikati ya kamba za kuanikia nguo na ua wa michongoma. Baba watoto alitaka tupande sukuma wiki. Mimi na watoto wetu wawili tulitaka mahindi matamu, yale tuliyoyaonja siku moja harusini na watoto wakayasifu kuliko keki. Tulipiga kura, na sukuma wiki ikashindwa kwa kura tatu kwa moja.

Huenda kuna msomaji anayejiuliza mahindi matamu ni yapi. Ni ndugu wa mahindi ya ugali, ila kwake sukari iliyo ndani ya punje haigeuki upesi kuwa wanga. Ndiyo sababu punje zake zikikauka hukunjamana kama uso wa ajuza. Hayapandwi kwa ajili ya unga. Huliwa mabichi, yakiwa bado na maziwa, na hapo ndipo utamu ulipo. Hapo pia ndipo balaa lilipo, kwa maana wewe si peke yako unayeijua siku hiyo.

Niliyapanda kwa mistari sita, kila mstari miche kumi, wala si kwa mstari mmoja mrefu kando ya ua kama wafanyavyo wengi mjini. Mahindi huzaa kwa msaada wa upepo. Chavua hudondoka kutoka kwenye mbelewele kileleni na kuangukia ndevu, na kila uzi wa ndevu ni wa punje moja. Uzi usiopata chavua, punje yake haikui, ndipo unapomenya hindi ukakuta mapengo kama kinywa cha mtoto wa Gredi ya Kwanza. Miche ikikaa pamoja kama familia, chavua haipotei. Vilevile nilimsubiri jirani apande mahindi yake ya kawaida kwanza, nami nikapanda wiki tatu baadaye, kwa kuwa chavua ya mahindi ya ugali ikiangukia haya matamu huyaondolea utamu.

Kwa hivyo, msomaji, kazi nilikuwa nimeifanya. Nilipalilia, nikatia samadi, nikabeba maji ya kuoshea vyombo wiki ambazo mvua ilikataa. Ndevu zilipochomoza niliandika tarehe kwenye kalenda ya jikoni. Waswahili walisema siku za mwizi ni arobaini. Mahindi matamu hayana siku hizo zote. Tangu ndevu zitoke hadi hindi likomae kwa kuliwa ni kama majuma matatu, na huku kwetu kwenye baridi ya Julai huweza kuzidi kidogo. Ukingoja arobaini utavuna mabua.

Siku ya kumi na nane ndipo saba yalipotoweka. Jumanne yalitoweka manne. Jumatano sita. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mimi daftari nilikuwa nalo: kati ya mahindi sitini, kumi na saba yamekwenda, arobaini na matatu yamebaki.

NYAYO ZA MWIZI

Mtu akiibiwa humtaja mwizi kabla hajazikagua nyayo. Nami nilifanya hivyo hivyo. Nilisema ni kima, basi. Na kweli kima walikuwako. Ni wale wenye kola nyeupe shingoni, wanaoshuka kutoka Karura na kupita juu ya miti na paa za mabati kana kwamba wana barabara yao. Jumanne niliwaona kwa macho yangu, watatu juu ya mgrevilea wa jirani, mmoja mashavu yamefura. Kima ana mifuko ndani ya mashavu. Huijaza upesi upesi shambani kisha huenda kutafuna juu ya mti kwa raha zake.

Ila kila mwizi wa mahindi ana mwandiko wake, na ni vyema uujifunze kabla ya kutoa hukumu.

Kima na tumbili humenya hindi hapo hapo, huuma mara mbili tatu, hulitupa na kuchukua jingine. Wakishaondoka utakuta maganda yamesambaa na magunzi yenye alama za meno, hasa upande ulio karibu na miti. Huja mchana, na saa wanazopenda ni alfajiri kunapopambazuka na alasiri watu wakiwa hawapo nyumbani.

Ndege huanzia kwenye ncha. Hupasua maganda, hudonoa punje za juu, kisha maji ya mvua huingia na hindi zima huoza. Kunguru ana uhalifu mwingine: yeye hung'oa mbegu inapochipua, kabla hujaona hata jani la pili.

Nungunungu huja usiku. Huguguna bua karibu na ardhi hadi lianguke, ndipo ale hindi kwa utulivu. Panya naye hupanda bua, hutoboa ganda kwa ubavuni na kula kimyakimya.

Na yuko mwizi wa mwisho, ambaye huvunja hindi pamoja na ganda lake, kwa ustadi, na haachi gunzi. Huyo ana miguu miwili.

Ningalikagua bustani yangu vyema Jumatatu ile ningaliona jambo. Upande wa mgrevilea kulikuwa na maganda na magunzi yaliyotafunwa. Upande wa lango la nyuma mabua yalikuwa yamesimama wima, mahindi yamevunjwa safi, na chini hapakuwa na kitu. Kima hali hindi akaficha gunzi. Lakini hasira ina ukungu wake, nami sikuona.

USHAURI WA JIRANI

Jumanne jioni nilikuwa nikimlalamikia mzee mmoja jirani yetu, mtu mpole ambaye hunisaidia kila bomba la maji linapoharibika.

"Mama, mbona unajisumbua?" akaniambia. "Chukua mahindi mawili matatu, yatie dawa, yaache kando ya ua. Wakifa wawili, wengine hawatarudi."

"Si ni hatari, mzee wangu?"

"Hatari kwa nani? Nani mwingine anakula mahindi mabichi usiku?"

Nitakuambia ukweli wangu, msomaji, hata kama unanitia aibu. Jumatano nikitoka kazini nilisimama kwa mchuuzi mmoja kwenye kituo cha matatu, nikanunua pakiti ya dawa ya panya. Haikuwa na jina la dawa, wala la aliyeitengeneza. Ilikuwa karatasi tu iliyokunjwa na picha ya panya amelala chali. Niliitia mkobani pamoja na mkate wa watoto. Leo nikikumbuka kwamba vitu hivyo viwili vilisafiri pamoja, mwili hunisisimka.

Usiku huo kulikuwa na manyunyu na stima zilipotea. Sikutaka kushika sumu gizani. Nikasema nitaamka alfajiri niitege kabla kima hawajashuka.

Alhamisi, kabla ya saa kumi na mbili, nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa jikoni, pakiti mkononi. Nikasikia majani yakichakacha upande wa lango. Nikasema moyoni, leo wamewahi. Nikachungulia.

Alikuwa msichana wa Gredi ya Nne, amevaa sare ya shule na sweta iliyochanika kiwiko, amejipenyeza kwenye tundu la michongoma. Namjua. Anakaa vyumba vya nyuma ya ploti yetu. Mamake huondoka saa kumi na moja alfajiri kwenda kufua nguo za watu katika mitaa ya wenye nacho, na siku asipopata kazi, jiko haliwashwi. Mtoto alivunja hindi la kwanza akalitia mkobani. La pili akalimenya na kulila pale pale, likiwa bichi.

Nilifungua mlango. Akaganda kama sanamu.

"Mama, nisamehe," akasema, mdomo umejaa. "Niliona kima wanayala. Nikaona heri tule sisi. Hili ni la ndugu yangu mdogo."

Msomaji, mimi nimesomea uandishi wa habari na nimefundishwa kuuliza maswali. Asubuhi hiyo sikuwa na hata moja. Nilichokifanya ni kuuficha mkono wangu wa kulia nyuma ya leso, asione nilichoshika. Kama stima zisingalipotea, hindi lile la pili lingaliweza kuwa mojawapo ya yale niliyoyatega. Wahenga walionya kwamba mchimba kisima huingia mwenyewe. Hawakuongeza kwamba mara nyingine huingia mtoto wa jirani.

SUMU HAINA MACHO

Sitaki uchukulie haya kuwa hofu ya mama mmoja wa Ruaka. Nchi hii imekwisha kuliona jambo hili kwa ukubwa zaidi. Kulikuwa na dawa ya wadudu iitwayo kabofurani, iliyouzwa madukani kwa ajili ya mazao. Watu wakaitia katika mizoga ili kuwaua simba waliokula ng'ombe wao, na pamoja na simba wakafa fisi na tai. Mwaka wa 2009, baada ya kelele kubwa ndani na nje ya nchi, kampuni iliyoitengeneza ikaanza kuiondoa katika maduka ya Kenya. Huko Bunyala, kwenye mashamba ya mpunga magharibi mwa nchi, wapo waliowatega ndege kwa dawa hiyo hiyo kisha wakawauza kuwa kitoweo. Yaani sumu ilitegewa ndege ikaishia kwenye sufuria.

Sumu haina macho. Haijui kima, haijui mbwa wa jirani, haijui kuku, haijui mtoto mwenye njaa. Na hata kwa kima mwenyewe, sheria iko. Sheria ya wanyamapori ya mwaka wa 2013 haikupi ruhusa ya kumuua mnyama wa pori kwa sababu ameingia bustanini mwako. Wakizidi kuwa wasumbufu au hatari, wa kuarifiwa ni Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS.

Tena tukumbuke msitu wenyewe. Karura, zaidi ya hekta 1,000 za miti ndani ya jiji, karibu ugawiwe wajenzi miaka ya tisini. Wangari Maathai na wenzake waliupigania, na Januari 1999 walishambuliwa na kupigwa kwenye lango lake walipokwenda kupanda mche. Sisi tunaovuta hewa yake safi leo hatuwezi kushangaa kwamba msitu una wenyewe, na kwamba wenyewe hao wana njaa.

Nawe mzazi, ikiwa dawa ya aina yoyote iko nyumbani, ifungie kabatini. Mtoto akiimeza usimlazimishe kutapika. Mkimbize hospitalini pamoja na pakiti ya dawa hiyo, ili daktari ajue anapambana na nini. Pakiti isiyo na jina haitamwambia daktari kitu, na hiyo pekee ni sababu tosha ya kutoinunua.

NILICHOFANYA

Nyanya yangu huko Kwale hakujua dawa. Mahindi yalipokaribia kukomaa, palijengwa dungu katikati ya shamba, nasi wajukuu tukapanda juu na debe bovu na fimbo. Tukiamia tangu alfajiri hadi jua lipande, kisha tena alasiri. Tulikuwa tukiimba, tukipiga kelele na kugombana. Sikujua wakati huo kwamba hata ugomvi wetu ulikuwa sehemu ya ulinzi. Mnyama hatoki msituni kuja mahali penye watu wanaogombana.

Mjini hatuna dungu, lakini tuna baraza. Jioni ya Alhamisi ile nilizungumza na mama wa yule msichana. Alitaka kumchapa, nikamwomba asimchape. Tulipatana hivi: binti yake na wanangu wawili watashika zamu, nusu saa asubuhi kabla ya shule na saa moja baada ya shule, mtu mzima akiwa karibu. Mshahara wa wiki ni mahindi mawili kwa kila askari. Tuliwapa sufuria kuukuu na mwiko, na amri moja isiyovunjwa: hakuna kutoka barazani kumfukuza kima, hakuna kurusha jiwe. Kima akibanwa pembeni huuma. Akimuuma mtu, jeraha lioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa dakika kumi na tano, kisha aende hospitalini siku hiyo hiyo, kwa sababu ya kichaa cha mbwa.

Mengine niliyafanya kwa mikono yangu, nawe waweza kuyafanya.

Ndevu zikishakauka na kuwa za kahawia, vika kila hindi mfuko wa karatasi ya kaki na uufunge chini kwa uzi. Huo humzuia ndege kabisa. Usiuvike mapema, maana utazuia chavua na kupata mapengo. Wala usitumie plastiki, hata kama umebakiza mifuko ya kabla ya ile marufuku ya mwaka wa 2017. Hindi hutoka jasho ndani yake na kuota ukungu.

Omba ruhusa ukate matawi yanayoning'inia juu ya bustani. Kima hupenda shamba analoweza kulikimbia kwa hatua mbili hadi mtini. Ukimlazimisha avuke uwanja mtupu mbele ya watu, hufikiri mara mbili. Mwaka huu nimehamisha mahindi mbali na mgrevilea, na kando ya mgrevilea nimepanda pilipili na vitunguu.

Ikiwa una uwezo, jenga kizimba cha waya wa kuku, lakini kiwe na paa, kwa kuwa ukuta bila paa kwa kima ni ngazi tu. Kama unasumbuliwa na nungunungu, zika waya ardhini kiasi cha urefu wa mkono hadi kiwiko.

Sanamu ya kutishia ndege, yenye koti la baba watoto, ilifanya kazi siku tatu. Siku ya nne nilimkuta ndege ametua begani mwake. Ukiisimamisha, ihamishe kila siku na kuibadilisha nguo, la sivyo itakuwa samani ya bustani.

Na pipa la takataka lifunikwe. Nyumba inayowaachia kima maganda ya ndizi isilalamike wakirudi kutafuta mahindi. Kuwarushia mkate ili watoto wacheke ni kuwaandikia barua ya mwaliko.

Mwisho, usichelewe kuvuna. Ndevu zikikauka, menya kidogo kwenye ncha na uitoboe punje kwa ukucha. Ikitoka maji matupu, ngoja. Ikitoka maziwa, leo ndiyo siku. Ikiwa ngumu kama uji ulioganda, umechelewa. Chemsha maji kwanza, ndipo uende kuvunja hindi, kwa kuwa sukari yake huanza kupungua mara litokapo kwenye bua. Hindi la asubuhi likiliwa kesho yake jioni, nusu ya raha imekwenda.

HESABU

Najua unataka kujua daftari lilisemaje. Mahindi arobaini na matatu yalikuwa yamebaki. Mawili alikwisha kuyachukua binti yule asubuhi ile, nami nikayaandika kama zawadi. Matano zaidi waliyachukua kima Jumapili, tulipokwenda sote kanisani na kuacha baraza tupu. Tulivuna thelathini na sita. Sita yalikuwa mshahara wa askari, na mengine tuliyala, tukawagawia jirani mzee na vyumba vya nyuma. Mzee alipokea yake akayatazama kwa muda.

"Hukutia dawa?" akauliza.

Nikamweleza niliyoyaona alfajiri ile. Hakusema neno. Kesho yake alikuja na msumeno, akakata tawi la mgrevilea wake bila kuombwa.

Ile pakiti sikuitupa jalalani, ambako watoto na mbwa hupekua. Niliifungia katika kopo nikampelekea afisa wa afya ya umma, naye akaipokea akitikisa kichwa.

Mvua za masika zilipofika mwaka huu tulipanda tena sitini. Tundu la michongoma hatukuliziba. Binti wa Gredi ya Nne, ambaye sasa yuko ya Tano, hulipitia kila asubuhi na sufuria yake kuja kazini, na juzi amemleta ndugu yake mdogo kuwa msaidizi. Kima nao wapo juu ya mti, wanatutazama, wanahesabu siku kama sisi.

Nawe, kabla ya kumhukumu mwizi wa mahindi yako, mhesabu miguu kwanza. Tuonane Jumapili ijayo.